UZI: Tanganyika ilivyotoka mikononi mwa Mwingereza, karatasi kwa karatasi (1946–1962)

Kabati la Nyaraka

Wakuu, kila ikifika Desemba tunasimuliana ile ile: TANU ilidai, Mwingereza akakubali, bendera ikapanda, mwenge ukawashwa Kilimanjaro. Sikatai. Ila bendera peke yake haiitoi nchi mikononi mwa dola. Kuna mkataba wa kufuta, sheria ya kupitisha London, amri ya Malkia yenye katiba ndani yake, na azimio la kupigiwa kura New York. Uzi huu ni wa karatasi hizo, na wa mahali zilipokwama.

Tuanze na hadhi, maana wengi hupotelea hapo. Kisheria Tanganyika haikuwa koloni la Uingereza. Mjerumani aliposhindwa, Uingereza ilikabidhiwa nchi hii mwaka 1922 na Shirikisho la Mataifa kwa dhamana. Shirikisho lilipokufa, dhamana ikahamia Umoja wa Mataifa kwa mkataba wa udhamini ulioidhinishwa na Baraza Kuu tarehe 13 Desemba 1946. Ibara ya 76 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inasema lengo la udhamini ni kuipeleka nchi kwenye kujitawala au uhuru. Kenya haikuwa na ibara kama hiyo. Nyasaland (Malawi ya leo) vilevile.

Ibara ya 87 na ya 88 ndizo zilizokuwa na meno. Mtawala alitakiwa kuandika ripoti kila mwaka, Baraza la Udhamini lilituma ujumbe wa ukaguzi kila baada ya miaka mitatu (1948, 1951, 1954, 1957, 1960), na mwananchi wa kawaida aliruhusiwa kupeleka malalamiko, kwa maandishi au kwa mdomo. Wa kwanza kuitumia njia ya mdomo kwa kishindo walikuwa Wameru. Serikali iliwahamisha watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951 ili kuwapa ardhi walowezi. Mwaka 1952 Japhet Kirilo akasimama New York mbele ya Baraza. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini watu wa Tanganyika walishaujua mlango ulipo.

TANU ikazaliwa 7 Julai 1954 kutoka TAA (Tanganyika African Association, chama kilichoitangulia), wiki chache kabla ya ujumbe wa tatu kuwasili. Ujumbe ule uliandika kwamba nchi inaweza kujitawala ndani ya kizazi kimoja, miaka 20 hadi 25 hivi, na ukataka ratiba. Uingereza ikaikataa ratiba kwa nguvu zote. Machi 1955 Nyerere akaenda kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini. Someni alichoomba: hakudai uhuru wa kesho asubuhi. Aliomba tamko kwamba Tanganyika, hata ikiwa na watu wa rangi nyingi, itaendelezwa kama nchi ya Waafrika kwanza. Ombi la kiasi vile ni gumu kulikataa hadharani bila kuonekana mbaya.

Nitaendelea na kura tatu. Kama kuna anayezijua vizuri hesabu zake, atangulie.

---

Debe Tupu

Mkuu, unaipa New York sifa nyingi mno. Uganda haikuwa chini ya udhamini na ilipata uhuru Oktoba 1962, miezi kumi tu baadaye. Ghana ilipata 1957, nayo ilikuwa koloni kamili, ikabeba tu kipande cha Togo ya Uingereza kilichopiga kura ya kujiunga nayo. Hiyo ibara ya 76 ilisaidia nini?

---

Kabati la Nyaraka

Swali zuri. Ilisaidia mambo mawili, na kuharakisha tarehe si mojawapo.

Kwanza ilimnyima gavana siri. Twining angeweza kufunga matawi, na aliyafunga. Sheria ya vyama ya 1954 ilitaka kila tawi lisajiliwe, TANU ikanyimwa usajili Usukumani kuanzia mwaka huo huo hadi 1958, na waraka wa serikali wa 1953 ulishawazuia watumishi wa serikali kujihusisha na siasa. (Nyerere alikuwa mwalimu Pugu, shule ya misheni, kwa hiyo waraka haukumkamata moja kwa moja. Viongozi wengi wa TAA walikuwa makarani na madaktari wasaidizi serikalini. Hao uliwafunga mdomo.) Lakini kila tawi lililofungwa liligeuka swali ambalo mwakilishi wa Uingereza alilazimika kulijibu mbele ya Urusi, India na Marekani.

Pili, ilizuia walowezi kufikiria njia ya Rhodesia. Mtu asingeweza kuamka na kuitangaza Tanganyika nchi ya Wazungu wachache, kwa sababu Uingereza yenyewe haikuwa na mamlaka ya kuitoa zawadi. Kitu cha dhamana hukigawi utakavyo.

---

Mchambua Kura

Basi nije na kura tatu, maana hapa kuna upotoshaji mwingi.

Mwaka 1955 Twining aliweka viti 30 upande usio wa serikali katika Baraza la Kutunga Sheria: 10 vya Waafrika, 10 vya Waasia, 10 vya Wazungu. Sensa ya 1957 ilihesabu Waafrika zaidi ya milioni 8.6 na Wazungu kama 20,000. Pigeni hesabu wenyewe kiti cha Mzungu kilikuwa na uzito gani.

Ulipofika uchaguzi wa kwanza, uliofanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, sharti la mpiga kura lilikuwa hivi: umri miaka 21, awe ameishi nchini mitatu kati ya mitano iliyopita, na juu ya hapo awe na moja ya haya: elimu ya darasa la nane, kipato cha pauni 150 kwa mwaka (yaani shilingi 3,000), au cheo kinachotambuliwa. Walioandikishwa hawakufika hata 60,000 nchi nzima.

Kisha kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu kwenye karatasi yake: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Ukiacha mmoja, karatasi imeharibika. Waliotunga walitegemea TANU isuse na kukiachia uwanja UTP (United Tanganyika Party), chama cha mseto wa rangi kilichoanzishwa 1956 kwa baraka za serikali. Au isiposusa, Mwafrika alazimike kumpa kura Mzungu wa UTP.

Mkutano Mkuu wa TANU Tabora, Januari 1958, uligawanyika vibaya. Wengi walikuja na msimamo wa kususa. Nyerere akawageuza kwa hoja ambayo kimsingi ni hesabu: hata kwa masharti yale, Waafrika wangekuwa wengi katika daftari. Sharti la kura tatu likageuka kuwa lao. Sasa ni wapiga kura Waafrika waliokuwa wanaamua Mzungu gani na Mhindi gani aingie Barazani. TANU ikatafuta wagombea wake wa rangi zote: Derek Bryceson, Lady Chesham, Amir Jamal, Sophia Mustafa. Waliosimama bila baraka za TANU walianguka hata kama wenzao wa rangi zao wangewapenda. UTP ikafa palepale.

Gharama ilikuwepo. Zuberi Mtemvu alitoka na kuunda African National Congress. Tusimdhihaki, hoja yake kwamba kukubali kura tatu ni kuukubali mseto wa Twining ilikuwa na mantiki. Kilichomwangusha ni daftari la wapiga kura.

---

Debe Tupu

Hapo nimekuelewa. Na uchaguzi wa 1960?

---

Mchambua Kura

Masharti yalilegezwa: kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au pauni 75. Walioandikishwa wakaruka hadi karibu laki tisa. Viti 71, hamsini vikiwa wazi kwa yeyote, 11 vya Waasia na 10 vya Wazungu. TANU ilipita bila kupingwa kwenye 58. Vilivyobaki 13 vilipigiwa kura 30 Agosti 1960, ikapoteza kimoja tu, Mbulu, kwa Herman Sarwatt. Huyo naye alikuwa mwana-TANU aliyegombea bila kuteuliwa na chama.

---

Kabati la Nyaraka

Asante mkuu, umemaliza. Basi mfuatano wa mwisho ulikuwa huu. Serikali ya madaraka, Septemba 1960: Nyerere ni Waziri Kiongozi, lakini gavana Turnbull, aliyempokea Twining, bado ndiye mwenyekiti wa vikao vya mawaziri, na ulinzi uko mikononi mwake. Mkutano wa katiba, Machi 1961, ukumbi wa Karimjee: siku tatu, Waziri wa Makoloni Iain Macleod akaja mwenyewe Dar es Salaam. Wakenya walikwenda Lancaster House mara tatu, 1960, 1962 na 1963. Tofauti inatoka kwenye matokeo aliyoyaeleza Mchambua Kura. Chama kimoja kikiwa na viti 70 kati ya 71, hakuna upande wa pili wa kupatanishwa. Madaraka ya ndani 1 Mei 1961.

Mkutano ulipanga uhuru uwe tarehe 28 Desemba. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha Aprili azimio la kuufuta udhamini siku hiyo. Baadaye tarehe ikarudishwa nyuma hadi 9 Desemba, na ikabidi Baraza Kuu lipitishe azimio jingine Novemba kubadilisha siku. Yaani hata kuwahisha uhuru kwa karibu wiki tatu kulihitaji kura New York. Novemba hiyo hiyo Bunge la London likapitisha Sheria ya Uhuru wa Tanganyika. Maneno yake ni machache: kuanzia siku ile serikali ya Uingereza haiwajibiki tena, na hakuna sheria ya Bunge lake itakayotumika Tanganyika. Tarehe 14 Desemba tukaingia Umoja wa Mataifa, mwanachama wa 104.

Lakini katiba ya 1961 ilikuwa jedwali ndani ya amri ya Malkia. Mkuu wa nchi alikuwa Malkia, Turnbull akiwa Gavana Mkuu. Kisheria mamlaka ya katiba yalichimbukia London. Ndiyo maana 1962 Bunge lilijigeuza Bunge la Katiba na kutunga katiba ya jamhuri kwa mamlaka yake, ikaanza 9 Desemba 1962. Mkiniuliza mimi, hiyo tarehe ya pili ndiyo nzito zaidi kisheria, na hakuna anayeikumbuka.

---

Nyali Kuu

Ndugu zangu wa bara, naongezea la Mwambao, maana kwetu huku dola zilikuwa mbili.

Bara ya Kenya ilifanywa koloni 1920. Mwambao haukuwa koloni. Ulikuwa ukanda wa maili kumi, toka Umba hadi Kipini, na visiwa vya Lamu, mali ya Sultani wa Unguja, na Mwingereza alikuwa akiuendesha kwa mkataba wa 1895 na kumlipa Sultani kodi kila mwaka. Kwa hivyo ilipokaribia 1963, Uingereza haikuweza kuipa Kenya kitu ambacho si chake. Sir James Robertson alitumwa, na ripoti yake ya 1961 ikapendekeza Mwambao uunganishwe na Kenya kabla ya uhuru. Wapo waliotaka Mwambao ujitenge, wapo waliotaka urudi Unguja, wapo waliotaka Kenya moja.

Lililomaliza ni barua. Tarehe 5 Oktoba 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, waliandikiana. Sultani aliachia, na Kenya ikaahidi: Mahakama ya Kadhi kubaki, uhuru wa ibada, watoto wa Kiislamu kufunzwa Kiarabu kadiri inavyowezekana, maafisa wa utawala penye Waislamu wengi wawe Waislamu kadiri inavyowezekana, na hati za ardhi za milki kuheshimiwa. Siku tatu baadaye ukatiwa saini mkataba wa pande zote.

Angalia hayo maneno “kadiri inavyowezekana”. Mwanasheria akiyaona hucheka. Ahadi ya Kadhi iliingia katika katiba na imo hadi leo, ibara ya 170 ya katiba ya 2010. Ile ya maafisa haina pa kushtakia. Na serikali ya Unguja iliyoandikiwa barua ilipinduliwa 12 Januari 1964, hata miezi minne haijesha, kwa hivyo mwenye kudai ahadi akawa hayupo.

---

Mchambua Kura

Na ile ya Unguja ilianguka kwa hesabu pia. Kwenye uchaguzi wa Julai 1963 chama cha ASP (Afro-Shirazi Party) kilipata kama asilimia 54 ya kura lakini viti 13 kati ya 31. Vyama pinzani, ZNP 12 na ZPPP 6, viwili hivyo vikaungana na kuunda serikali. Kura za ASP zilirundikana kwenye majimbo iliyoshinda kwa wingi mkubwa. Wenzake walishinda mengi kwa tofauti ndogo. Uingereza ilimaliza ulinzi wake 10 Desemba na kuondoka, ikiiacha serikali ambayo zaidi ya nusu ya wapiga kura hawakuichagua. Ikadumu siku 33 tu.

---

Katanga Moja

Wandugu, salamu toka Lubumbashi. Nyinyi mnasema karatasi. Sisi Wakongo karatasi zilitumaliza.

Mkutano wa meza ya duara Brussels ulianza 20 Januari 1960, tarehe ya uhuru ikawekwa 30 Juni. Miezi mitano. Ile sheria ya msingi, iliyokuwa katiba yetu ya muda, ilitoka 19 Mei. Jeshi, Force Publique, lilikuwa na watu kama 25,000, na ofisa Mkongo hakuwepo hata mmoja. Tarehe 5 Julai Jenerali Janssens akawaambia askari, akaandika na ubaoni, kwamba baada ya uhuru ni sawa na kabla ya uhuru. Uasi ukaanza siku hiyo. Tarehe 11 Katanga, jimbo letu la shaba, ikajitenga.

Lakini kuna jambo ambalo watu hawalitazami. Kulikuwa na meza ya duara ya pili, ya uchumi, Aprili na Mei. Wakubwa wa vyama walikuwa wanafanya kampeni nyumbani, wakatuma vijana na wanafunzi. Ng’ambo ya meza walikaa wataalamu wa Ubelgiji waliokijua kila kitabu cha hesabu. Mwezi Juni Ubelgiji ikapitisha sheria ya kuruhusu makampuni ya Kongo kuhamishia makao yake Ubelgiji. Kisha, siku chache kabla ya 30 Juni, Comité Spécial du Katanga ikavunjwa. Hiyo kamati ndiyo iliyobeba kura kubwa ndani ya Union Minière, kampuni ya kuchimba shaba, na dola ilikuwa na sehemu kubwa ndani ya kamati. Ilipovunjwa, hisa zikagawanywa, na dola mpya ya Kongo ikakosa ile nguvu ya kura ambayo ingeirithi. Bendera tulipewa, shaba ikabaki na wenyewe.

---

Debe Tupu

Hii ya kamati nilikuwa siijui. Kwa hiyo Tanganyika tulijuaje kutoingia mtego wa aina hiyo?

---

Kabati la Nyaraka

Hatukuwa na shaba ya kugombewa, tuseme ukweli. Lakini upo mtego mmoja ulioonekana mapema: mikataba ya nje.

Desturi ya wakati ule ilikuwa nchi mpya kubadilishana barua na Uingereza na kukubali kurithi kila mkataba ambao Uingereza ilitia saini kwa niaba yake. Ghana na Nigeria zilifanya hivyo. Nyerere alikataa. Alieleza Bungeni mwishoni mwa Novemba 1961, na siku ya uhuru barua ikaenda kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa: mikataba ya nchi mbili mbili itaendelea kwa miaka miwili, hadi 8 Desemba 1963, na ndani ya muda huo kila mmoja utazungumzwa upya. Usiozungumzwa utakufa, isipokuwa ule ambao sheria ya kimataifa yenyewe ingeubakiza. Mikataba ya mataifa mengi itaangaliwa mmoja mmoja.

Uzuri wake ni kwamba msimamo huo haukufuta chochote siku ya kwanza. Mkataba wa posta, wa kurudishana wahalifu, wa anga, vyote vikaendelea. Serikali yenye wanasheria wachache ikapata miaka miwili ya kusoma makabati. Wanasheria wa kimataifa huiita kanuni ya Nyerere, na nchi kadhaa jirani ziliifuata kwa namna zao.

Mifano miwili. Mkataba wa Mto Nile wa 1929, baina ya Uingereza na Misri, uliipa Misri sauti juu ya kazi yoyote kwenye maji ya Ziwa Victoria. Julai 1962 Tanganyika iliwaandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba hauifungi. Mfano wa pili ni bandari za Wabelgiji. Mwaka 1921 Uingereza iliwapa maeneo Dar es Salaam na Kigoma kwa ajili ya mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, milele. Hoja ya Nyerere: mdhamini wa muda hawezi kutoa haki ya milele. Inarudi kule kule kwenye hadhi niliyoanza nayo. Koloni la kawaida lisingekuwa na hoja hiyo.

---

Hakimu wa Zamani

Kabati, umesahau mipaka. Mikataba ya mipaka haikuwekwa kwenye huo muda wa miaka miwili, na Cairo, Julai 1964, Tanzania iliunga mkono azimio la OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) kwamba mipaka ya siku ya uhuru iheshimiwe. Ndiyo maana mkataba wa Mwingereza na Mjerumani wa 1 Julai 1890 bado unatusumbua Ziwa Nyasa. Mengine yote tuliweza kuyahoji, hilo tulilifunga sisi wenyewe. Nadhani kulikuwa na sababu, lakini tusidanganyane kwamba kanuni ilisafisha kila kitu.

Na jeshi je? Katanga Moja ameeleza la kwao. Letu lilikuwa KAR (King’s African Rifles, jeshi la kikoloni) iliyobadilishwa jina kuwa Tanganyika Rifles, maofisa wengi bado Waingereza.

---

Kabati la Nyaraka

Kweli, na mipaka ilikuwa chaguo la makusudi.

Kuhusu jeshi, vilikuwa vikosi viwili, kambi ya Colito (Dar es Salaam) na Tabora, chini ya Brigedia Douglas. Walipoasi 20 Januari 1964, madai yao yalikuwa mshahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Ndani ya siku chache kambi za Jinja (Uganda) na Lanet (Kenya) nazo zikaasi. Tarehe 25 makomandoo wa Uingereza walitua kutoka meli ya Centaur kwa ombi la serikali yenyewe, jambo lililomuuma sana Nyerere. Tofauti na Kongo ni kwamba hapa jeshi lote lilivunjwa na kuundwa upya, JWTZ, Septemba 1964.

Utumishi wa serikali nao ulikuwa hivyo hivyo. Wakati wa uhuru Waafrika walishika robo hivi tu ya nafasi za juu na za kati. Maofisa wa Kiingereza walikuwa na haki ya kulipwa fidia ya mkupuo kwa kupoteza ajira yao, na sehemu ya mzigo huo iliangukia bajeti ya Tanganyika. Ukimfukuza mapema, unalipa na hufundishi wa kushika kiti chake. Ukimbakiza, wananchi wanauliza uhuru uko wapi. Kawawa alipochukua uwaziri mkuu Januari 1962, Nyerere akiwa amejiuzulu kwenda kujenga chama, kazi kubwa iliyomsubiri ilikuwa hiyo.

---

Debe Tupu

Sarafu ilikuwa ya nani?

---

Kabati la Nyaraka

Ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, shilingi moja kwa nchi zote, ikiegemea pauni. Tanzania ilianza kutoa noti zake 1966. Reli, bandari, posta na ushuru wa forodha navyo viliendeshwa kwa pamoja na shirika la huduma za pamoja lililochukua nafasi ya lile la kikoloni la 1948. Hilo lina mambo mengi, nitalifungulia uzi wake.